Akiacha Ziwa, Anakwenda Wapi?

Vijana wangu wa zahanati, siku ya kuniaga mlinipa kiti cha kukunja, blanketi, na maneno matamu kiasi kwamba niligeuka nyuma kuangalia kama kuna marehemu. Mkasema pia niandike kazi ilivyokuwa, mpate kujifunza. Kiti nilikikunjua hapa barazani jioni ileile na sijakikunja tena, kwa hiyo muda ninao. Blanketi ndilo nisilolielewa. Kwa joto hili la Ndalambo, ama mlikuwa mnanitania, ama mnataka nihamie milimani Ileje mpumue.

Mambo ya vyeo na mshahara nayaruka. Vyeo havikuwa vingi, na habari za mshahara muulizeni mke wangu, ndiye aliyekuwa akiupokea. Nitaandika yaliyonishtua. Kazi hii ilinishtua tangu siku ya kwanza, na kuna siku moja ilinishtua hivi kwamba mpaka leo nikisikia mtu barabarani anamwita mtoto Lusajo, chai inanimwagikia.

Nilifika huku nikitokea upande wa Mbozi Mission, kwenye baridi na kahawa na matarumbeta ya Jumapili, nimevaa koti zito la marehemu baba. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, cheti cha uuguzi ambacho wino ulikuwa haujakauka vizuri, na nia ya kurudi nyumbani mapema. Mimi si mtu wa kwenda. Nikiona begi limetolewa chini ya kitanda, nalirudisha. Wenzangu chuoni waliomba Dar es Salaam na Mwanza. Mimi niliomba karibu na mama, nikapewa bonde la Momba. Nilipoteremka kwenye lori na koti langu, jua likanipokea kama mdai. Nikajiambia hapa nitakaa msimu mmoja. Nimeoa hapahapa, nimezeekea hapahapa, na koti lile kuku wangu wanalalia.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kliniki ya watoto. Baraza limejaa wamama, wengine wafugaji waliohamia bondeni na vikuku vyao vya shaba, wengine Wanamwanga wenyeji, kila mmoja na mtoto mgongoni. Mkuu wangu alikuwa Sista Yuditha, mkunga mnene aliyetembea taratibu na kusema haraka. Akanisimamisha mbele yao.

"Wamama, huyu ndiye nesi mpya."

Kisha bibi mmoja mwenye kilemba cheusi akasema jambo kwa Kinamwanga, baraza zima likaangua kicheko. Sista akanitafsiria, tena kwa furaha isiyo ya lazima: "Anauliza, serikalini wanawake wameisha?"

Asubuhi hiyohiyo nikatakiwa kufundisha kunyonyesha. Nikaeleza kama tulivyofundishwa: mtoto ashike chuchu na ile sehemu nyeusi, kidevu kiguse titi, mama akae wima. Bibi yule akanyoosha mkono, akaniita tata, yaani baba. "Tata daktari, wewe umenyonyesha wangapi?" Nikajibu, "Bado." Jibu hilo lilinifuata miaka. Hata harusini kwangu mtu alisimama akauliza kama bado.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa mizani ile ya kuning'iniza. Ninyi mmeikuta imeshachoka, lakini ni mshale uleule, na ndoano ileile kwenye boriti ya baraza. Mtoto unamvalisha kile kisuruali cha turubai, unamtundika, anapiga mateke, unasubiri mshale utulie usome. Sista alinifundisha kutosoma mshale unaocheza. Alinifundisha pia kukata utambi wa jokofu la chanjo, enzi hizo linawaka kwa mafuta ya taa. Utambi ukitoa moshi jokofu linapoteza baridi, na chanjo za kijiji kizima zinageuka maji ya kawaida. Kulilea jokofu lile kulikuwa kama kulea mgonjwa asiyesema.

Ila Sista alikuwa na tabia iliyonichosha. Mama akifika, hamwambii neno la kitaalamu mpaka amkalishe kwenye kiti na kumuuliza ya nyumbani. Umepika nini jana? Mzee yuko? Huyu mkubwa analala na nani? Foleni inaungua na jua, yeye anachunguza nani kahamia kwa nani. Mimi niliita umbea. Nilikuwa na njia yangu ya haraka: nasimama barazani, natoa utani, nasema jambo kwa sauti, wote wanasikia kwa mpigo. Wamama walinipenda. Nilijiona fundi.

Sasa niseme jambo la kuachisha ziwa, maana wengine mmetoka mbali. Huku kwetu, zamani zaidi ya sasa, mtoto akiachishwa ziwa haachwi pale nyumbani anaangalia kifua cha mama yake kwa uchungu. Mama anapaka shubiri siku mbili tatu, mtoto analia, kisha anafungiwa nguo zake kwenye kanga na kupelekwa kwa bibi yake. Anakula ugali wa ulezi huko, anadekezwa na bibi, akirudi amenenepa na ziwa amelisahau. Kwa hiyo mtu akikwambia fulani ameacha ziwa, na wewe unajua fulani amesafiri. Nilikuwa nalijua hilo vizuri. Kulijua hakukunisaidia kitu.

Mama Lusajo jina lake Tusekile, binti wa Kindali kutoka Ileje, aliyeolewa huku bondeni na mkulima wa ufuta. Alikaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto, na watu hawakumficha kwamba wamegundua. Kisha akampata Lusajo. Sijaona mama wa namna ile. Kliniki hakukosa hata mvua ikibeba madaraja. Mtoto anang'aa mafuta, kadi imefungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya mfuko wa plastiki. Alikuwa na maneno pia. Nikichelewa kufungua, anasema, "Daktari, mkeo amekuficha viatu?"

Tatizo likawa moja. Lusajo hakuacha kunyonya. Sisi tunasema miaka miwili na zaidi. Hiyo "zaidi" yeye aliitumia yote na kuomba ya jirani. Wenzake wa rika lile walikuwa wameshaacha, wengine wana wadogo zao wawili. Yeye anakuja na miguu yake, anaingia mwenyewe kwenye kisuruali cha mizani, magoti yanakaribia sakafu, ananiambia, "Shikamoo daktari, leo nimemwona chatu," na akimaliza habari za chatu anamwendea mama yake, anafungua vifungo vya blauzi kama mtu anayefungua duka lake, ananyonya. Ugali hataki. Uji anatema. Mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa umelala, na huo ndio ulionisumbua kihalali. Mengine nilikuwa nayafurahia tu.

Siku hiyo baraza lilikuwa limejaa na mimi nilikuwa na pumzi nzuri. Nikaisimamisha kazi.

"Mama Lusajo, huyu atakuletea mkwe huku bado ananyonya. Mtamgawana vipi?"

Wamama walicheka mpaka watoto wakaanza kulia. Yule bibi wa kilemba cheusi, aliyekuwa amemleta kitukuu, alilala kwenye ukuta. Mama Lusajo peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesikiliza hukumu.

"Unasema nimwachishe?" akauliza.

"Nasema."

"Unasema mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya wote, na bibi huyu shahidi. Kliniki ijayo nisimwone kifuani."

Akafunga vifungo vyake. Akasema, "Haya, daktari. Nimesikia." Akaondoka bila kuchukua dawa za minyoo, ikabidi nimkimbizie.

Kliniki iliyofuata nilikuwa natundika mizani nikasikia, "Shikamoo daktari." Lusajo, shati jipya, viatu vya plastiki vya bluu, kichwa kimenyolewa kikang'aa. Nyuma yake mama yake, kabeba furushi la kanga. Kifuani blauzi yake ilikuwa imelowa sehemu mbili, imekauka, imelowa tena. Mnajua maziwa yanavyokuwa yakikosa mtoto. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Umeacha ziwa, shujaa?" nikamuuliza mtoto.

"Nimeacha. Leo naenda kukaa kwa Mungu."

Mizani ilinitoka mkononi ikanipiga mguu. Sikusikia maumivu mpaka jioni. Nilichofikiri wakati ule mnaweza kukifikiri wenyewe: sumu, mto, kamba, mama aliyechanganyikiwa. Nikamshika mtoto bega. Nikamwita Sista kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia tena.

Sista alitoka, akamtazama mama, akafanya kitu alichokifanya siku zote. Akasogeza kiti. "Kaa, mwanangu. Huyu akiacha ziwa, anakwenda wapi?"

Na Mama Lusajo akasema yote kwa swali hilo moja, ambalo mimi sikuwahi kumuuliza.

Alipokuwa hana mtoto alisimama kwenye ibada ya kikundi chao cha maombi akasema kwa sauti: Mungu akinipa mtoto, siku nitakayomwachisha ziwa nitamrudisha kwake, akae nyumbani mwake maisha yake yote. Wote mmesikia mahubiri ya yule mama wa kale aliyempeleka mwanawe hekaluni. Na yeye aliyasikia, akayachukua kama yalivyo. Watu wakasema amina. Mumewe naye akasema amina. Kikundi kile, ambacho siku hizi hakipo, kilikuwa na nyumba Tunduma walikolelewa watoto wa nadhiri, chini ya mtu waliyemwita Mtumishi tu. Mtoto akiingia, mzazi haji kumwona.

"Basi nikawa simwachishi," akasema. "Sikuvunja ahadi. Niliahidi akiacha ziwa, na ziwa hajaacha. Nilijua Mungu ananiona ninavyojificha. Ndipo nikamwambia, kama bado unamtaka, mtume mtu aniambie mbele ya watu, kama mimi nilivyosema mbele ya watu." Akaninyooshea kidole, bila hasira, kama mtu anayeonyesha njia. "Akakutuma wewe."

Nilikaa chini. Kiti kilikuwa na mtu, nikakaa sakafuni.

"Mama Lusajo," nikasema, "mimi sikutumwa. Mimi nilikuwa nachekesha foleni."

"Najua ulikuwa unachekesha. Mungu ndiye hakuwa anacheka."

Nisiwadanganye kwamba nilikuwa na majibu. Mimi nimelelewa kanisani, naimba besi, vibaya lakini kila Jumapili. Ningekuwa mtu asiyeamini ningemwambia haya ni upuuzi, nenda nyumbani. Lakini mimi naamini ahadi kwa Mungu ni ahadi. Na papo hapo kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasema kumwacha mtoto yule langoni kwa watu ni jambo baya, baya wazi, kama kumwaga chanjo. Sikujua mtu anafanya nini mambo hayo mawili yakisimama mlango mmoja. Nilimwuliza mumewe yuko wapi. Alikwenda shambani alfajiri bila kuaga. Usiku alikuwa amemwambia, "Mimi nilisema amina tu, mwenye maneno ni wewe."

Sista akanigeukia. "Vaa viatu vyako vya safari."

"Mimi? Sista, kliniki…"

"Kliniki nitafanya mimi. Mdomo wako ndio uliomtoa mtoto kwa mama yake. Na miguu imfuate."

Mke wangu hakuamini aliposikia nimekwenda Tunduma siku ya kazi, tena bila kulia.

Njiani aliyezungumza ni Lusajo peke yake. Aliuliza kama kwa Mungu kuna mbwa. Mama yake alimshika mkono tangu tunapanda gari mpaka tunateremka, na sikuona vidole vyake vikilegea. Tunduma ilikuwa Tunduma: malori yamepanga foleni kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, kama yanasubiri chanjo, vumbi, honi, wabadilisha fedha wamebana mabunda kwapani. Mmoja akatuona, baba, mama na mtoto na furushi, akadhani tunavuka mpaka, akatusalimia kwa Kibemba. "Muli shani, ba tata! Kwacha hapa, kwacha!" Nikamwambia hatuvuki. Akasema, "Sasa mnakwenda wapi, tata?" Tukampita.

Nyumba ya Mtumishi ilikuwa nyuma ya yadi ya malori. Nilikuwa nimejiandaa kukuta uchafu na fimbo, nipate pa kukasirikia. Nikakuta ua umefagiwa. Watoto wana mashavu, nguo zimefuliwa, wanasoma kwa sauti chini ya turubai. Hilo lilinishtua kuliko fimbo. Ubaya ungenisaidia. Walipomwona Mama Lusajo wote wakanyamaza, wakamtazama yeye, si mtoto. Walimkagua uso mmoja mmoja, kisha mmoja baada ya mwingine wakarudi kwenye vitabu vyao. Nilichelewa kuelewa walikuwa wanatafuta nini. Kila mmoja alikuwa anatafuta uso wa mama yake.

Mtumishi alikuwa mtu mpole wa umri wangu, sauti ya chini, shati limepigwa pasi. Alitupokea getini, mkono kwenye komeo.

"Bwana asifiwe, wapendwa. Ndiye huyu?"

"Ndiye," akasema Mama Lusajo.

"Umefanya vema, mama. Sasa mkono wa mama ndio unaotoa. Sisi hatumnyang'anyi mtu. Mwachie, aingie mwenyewe."

Nikaona ni wakati wangu. "Mtumishi, kuna kosa. Mimi ndiye niliyesema amwachishe, na sikutumwa na Mungu. Nilikuwa natania watu."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Daktari, Mungu amewahi kusema kwa mdomo wa punda."

Ukiitwa punda kwa upole kiasi kile, tena kwa hoja, unabaki kutingisha masikio.

"Na je, akija kumwona mara mojamoja?" nikajaribu.

"Ukishampa Mungu kitu, huchungulii. Mama, usiogope. Mimi mwenyewe ni mtoto wa nadhiri. Mama yangu alinileta kwa wazee wetu nikiwa mdogo kama huyu, akaniacha langoni, akaenda bila kugeuka. Hiyo ndiyo imani. Tazama Mungu alivyonitunza."

Mama Lusajo alimwangalia usoni. Kisha akamuuliza, kama anavyouliza mtu jirani yake, "Ulilia?"

Mtumishi akatazama komeo.

"Nauliza tu, baba. Alipoondoka, ulilia?"

"Nilikuwa mtoto. Sikumbuki."

"Unakumbuka kwamba hakugeuka," akasema Mama Lusajo.

Watoto chini ya turubai walikuwa hawasomi tena. Mkono wa Mtumishi kwenye komeo ukawa umekaza kama ule wa mama uliomshika Lusajo. Sijui nini kilikuwa kinapita ndani yake. Sikumwonea huruma wakati ule, nilikuwa na hofu nyingi. Huruma imenijia baadaye, hapa barazani.

Mama Lusajo akamwacha yeye, akainua uso juu. Alisema kwa sauti, waziwazi, nadhani kama alivyosema siku ile ya kwanza.

"Mungu, ni mimi Tusekile. Niliahidi. Sijasahau, wala sisemi kwamba hukunisikia. Nimemleta mpaka mlangoni, ameoga, amevaa. Lakini mkono haufunguki. Nimejaribu tangu Ndalambo, haufunguki. Kama ulitaka nimwache, ungeniumba mkono mwingine. Kama ni dhambi, ni ya kwangu. Iandike kwangu. Yeye usimguse."

Nimewaona watu wakikata tamaa ya Mungu, na wengine wakimsahau. Sijawahi, kabla wala baada, kumwona mtu anayemwamini kwa moyo wote akisimama usoni pake na kumwambia hapana, huku akijua, kwa jinsi anavyojua yeye, kwamba anaweza kupigwa hapohapo.

Lusajo akamvuta kanga. "Mama, Mungu yuko wapi? Hatoki?"

"Yupo, mwanangu."

"Basi msalimie, twende. Nina njaa."

Akamsalimia. Nawaambieni nilivyoona: akainamisha kichwa kidogo, akapiga goti nusu kama binti wa Kindali anavyomwamkia mkubwa, akageuka, tukaondoka. Mtumishi hakutuzuia. Nilipotazama nyuma alikuwa bado ameshika komeo, geti liko wazi, anaangalia ule mkono wa mama uliomshika mtoto.

Kwenye kibanda cha chai Lusajo alikula chapati mbili na kuomba ya tatu, mtoto aliyekuwa hataki chakula. Mama yake alitapika nyuma ya kibanda. Aliporudi akaniuliza, "Daktari, nimefanya nini?"

Nikamwambia sijui. Ndilo jibu la kitaalamu pekee nililowahi kumpa.

Mnafikiri yakaishia hapo. Baba Lusajo alirudi kutoka shambani akamkuta mtoto. Alimweka mabegani akazunguka naye nyumba mpaka giza. Lakini wapo waliosema mwanamke yule amemwibia Mungu, na kwenye ibada benchi lake likawa na nafasi pande zote mbili. Na mvua za kwanza zilipokuja, adhuhuri moja nikamwona anakimbia peku, Lusajo mgongoni, kichwa kinaning'inia.

"Amekuja," akaniambia.

"Nani amekuja?"

"Mwenyewe. Amekuja kuchukua chake."

Ilikuwa malaria. Nimetibu malaria nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo, lakini ile sindano niliishika kama mwanafunzi. Mnaelewa kilichokuwa mezani? Mtoto wa mtu mwingine akifa, ni msiba. Huyu akifa, ni jibu. Mama yake angelibeba hilo jibu mpaka kaburini, na mimi ningekuwa shahidi aliyelileta. Nikiwa nimemwinamia nilisema kimoyomoyo, Baba, huyu mama ana kesi na wewe, usiimalizie kwa mtoto. Sijui kama hiyo ni sala au ukorofi. Homa ilishuka. Mtoto akaomba chapati.

Na haikuwa mara moja. Kila homa ya Lusajo, kila mwiba, kila tumbo la kuhara, mama yule alikuja na uso uleule: leo ndiyo leo. Nikaacha kumtania. Nilikuwa namkalisha kwanza. Miaka ikapita namna hiyo, anaishi kama mtu anayesubiri kuitwa jina, na huku analima, anacheka, ananiuliza kama mke wangu amenificha viatu.

Njia yangu ya barazani ilikufa siku ile ya Tunduma. Nikachukua kiti cha Sista, na baada ya yeye kustaafu nikachukua na swali lake. Mmenisikia wenyewe nikiwauliza wamama wote, hata wenye vichanga vya wiki: akiacha ziwa, anakwenda wapi? Najua mlikuwa mnanong'ona kwamba mzee ameanza kuchanganya. Wote walijibu kwa kicheko, "Kwa bibi yake." Sikuwa natafuta hicho kicheko. Nilikuwa nataka kujua kauli yangu ikitoka pale kliniki inakwenda kumpeleka mtoto wapi, kwa sababu mtu unamwambia jambo la uzito na uji, na yeye anasikia jambo la mbinguni.

Kliniki yangu ya mwisho mliniuliza kwa nini foleni ilisimama. Nilisema mshale umekwama. Haukuwa umekwama.

Pikipiki ilikuwa imesimama nje, ile nyekundu. Dereva wake kijana mrefu mwenye masharubu, anabeba abiria pale mpakani Tunduma. "Shikamoo daktari," akasema, nikaanza kumwagikiwa na chai ambayo sikuwa nayo. Alikuwa amemleta mkewe na mtoto wao wa kwanza. Na nyuma yao, kanga ya Jumapili, kadi ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mfuko wa plastiki, Mama Lusajo.

"Mkwe ndiye huyo," akaniambia. "Hatukugawana."

Akamvalisha mjukuu kisuruali mwenyewe, akamtundika kwenye ndoano. Nikamkalisha binti kwenye kiti, nikamuuliza alichopika jana, nikamuuliza lile swali. Binti akacheka, akafungua mdomo aseme kwa bibi yake, kama wanavyosema wote.

Mama mkwe akamtangulia. Alikuwa amesimama kwenye mizani, ameshika kile kisuruali kwa mikono miwili kwa chini, ingawa ndoano ilitosha kumshika mtoto.

"Haendi popote," akasema.

"Mama Lusajo," nikamwambia taratibu, "mwachie kidogo, tusome uzito."

Hakumwachia. Mshale ulikaa kwenye sifuri, maana uzito wote alikuwa ameubeba yeye. Foleni ikaanza kulalamika, ninyi mkaanza kuniita. Mimi nikavuta kiti kingine, nikakaa, nikangoja.